Kupima Kitabu cha Maisha ya Mtu

Elvis Presley, mwimbaji wa roki wa Marekani, alifariki mwaka 1977. Marehemu hawezi kujitetea, basi yatupasa kuwapima waandishi wa maisha yake. Kitabu cha Albert Goldman, cha mwaka 1981, kimejaa dharau, hata kwa watu wa kwao Elvis. Peter Guralnick alitoa viwili, mwaka 1994 na 1999. Cha kwanza chaishia 1958, mwaka Elvis aliofiwa na mama yake. Hivyo twamjua kijana kabla ya kuuona mwisho wake. Wala cha pili hakikuficha jinsi alivyozidisha dawa. Tuulize daima: Nani alishuhudia? Je, mwandishi alisikiliza kabla ya kuhukumu? Kusifu tu si kweli. Kutukana si ushujaa.