Kabla ya kubeba sabufa kutoka Tukuyu mjini

Hela ya parachichi huja kwa mkupuo, na sabufa haifichiki: majirani huisikia kabla hujawakaribisha. Hakuna ubaya. Tenga kwanza ada, mbolea na pumba za ng'ombe, kisha tazama kilichobaki. Anayeuza maziwa ana nafasi nzuri zaidi, maana anaweza kudunduliza kila wiki bila kukopa.

Dukani, usibabaishwe na herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kupamba boksi; wati 5,000 za PMPO huenda zisifikie 100 halisi. Ulizia RMS, yaani wati halisi. Nenda na flashi yenye nyimbo unazozijua, ongeza sauti mpaka juu, sikiliza kama inakwaruza. Dai risiti na warantii.

Nyumbani, adui ni unyevu, na mvua ya Rungwe tunaijua. Usiweke spika moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji wala kuibana ukutani. Boksi la mbao za kusaga huvimba, koni ya karatasi hulegea. Radi ikianza, chomoa waya, wa antena pia.

Sabufa ya mtumba si aibu. Kagua tu kama ukingo wa koni umechanika.