Lugha ya Dai la Hataza: Mfano wa Vali ya Maji ya Kupozea Injini katika Gereji za Makongeni, Thika

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna uvumbuzi wa kiufundi unavyogeuzwa kuwa sentensi, na namna sentensi hiyo inavyopimwa na mkaguzi wa hataza. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na dola ili, kwa muda maalumu, awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Haki hiyo haipaswi kuchanganywa na hakimiliki, ambayo hulinda kazi za maandishi, muziki na sanaa, wala na alama ya biashara, ambayo hulinda jina au nembo. Mfano uliochaguliwa ni vali ya kudhibiti mtiririko wa maji ya kupozea injini, kile chombo ambacho mafundi hukiita thamostati. Hoja ya msingi ni kwamba mipaka ya haki ya mvumbuzi huchorwa na maneno ya dai lake kuliko na chombo alichokishika mkononi, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuichora mipaka hiyo iwapo wanaokisomea watajifunza pia lugha ya gereji.

Usuli: Makongeni na Thamostati

Makongeni ni mtaa wa mji wa Thika, ulio kando ya barabara iendayo Garissa. Mji wa Thika una historia ndefu ya viwanda, kikiwemo kile cha kuunganisha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya. Sambamba na viwanda hivyo kuna mafundi wa jua kali, ambao serikali iliwatambua kwa waraka maalumu wa sera, yaani Sessional Paper Na. 2 ya mwaka 1992. Katika mazingira hayo, gari linalochemsha ni tatizo la kila siku, na thamostati ndiyo hushukiwa kwanza.

Thamostati hukaa kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, vali hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini kupitia njia ya pembeni ili injini ipate joto upesi. Maji yafikapo joto lililokusudiwa, kwa kawaida baina ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, nta iliyomo ndani ya kombe dogo la shaba huyeyuka na kuvimba. Nta hiyo hukisukuma kijiti kilichosimama kwenye fremu. Na kwa kuwa kijiti hakisogei, kombe ndilo linalorudi nyuma pamoja na kizibo, na njia ya rejeta hufunguka. Maji yakipoa, springi hukirudisha kizibo mahali pake. Mpango huo wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, na ungali unatumika.

Mafundi wengi huiondoa thamostati kabisa gari linapochemsha. Hofu yao ina msingi. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyo chini ya shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimechakaa na hakishiki shinikizo, nafasi iliyopo kati ya vali kufunguka yote na maji kuchemka huwa ndogo mno. Nta ikivuja, vali hubaki imefungwa na gasketi ya silinda huungua. Hata hivyo, kuiondoa vali ni kuliponya jeraha kwa kuukata mkono. Injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Isitoshe, katika baadhi ya injini vali hiyo hiyo ndiyo inayoifunga njia ya pembeni. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta, na gari likazidi kuchemsha.

Kutokana na hali hiyo, chukuliwe kwamba fundi mmoja wa Makongeni, wa kufikirika, amebuni vali ambayo kombe lake la nta hukazwa kwa hesi. Nta ikivuja, kombe hufunguliwa na jipya kutiwa, bila kuitupa vali yote. Je, fundi huyo anaweza kupata hataza?

Vigezo vya Sheria

Kabla ya mwaka 1990, Kenya haikuwa na mfumo wake wa kukagua hataza. Zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimekwisha kutolewa Uingereza. Sheria ya Miliki ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1990 ilileta ofisi ya kitaifa. Sheria ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2002, iliigeuza ofisi hiyo kuwa Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, maarufu kwa jina la KIPI, yenye makao Nairobi.

Sheria hiyo inadai mambo matatu. Kwanza, uvumbuzi uwe mpya: usiwe umewahi kufichuliwa popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo, kwa maonyesho au kwa kutumiwa hadharani. Pili, uwe na hatua ya kivumbuzi: usiwe jambo ambalo mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa. Tatu, uweze kutumika viwandani. Uvumbuzi ukikidhi vigezo hivyo, hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zilipwe.

Kigezo cha upya kina mtego kwa fundi. Akiifunga vali yake katika matatu ya mteja na kumweleza kila apitaye jinsi inavyofanya kazi, amekwisha kuifichua. Sheria ya Kenya humsamehe mvumbuzi aliyejifichulia mwenyewe ikiwa atawasilisha ombi ndani ya miezi 12. Nchi za Ulaya kwa kawaida hazina msamaha kama huo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Dai Lenyewe

Ombi la hataza huwa na maelezo, michoro, ufupisho na madai. Maelezo hufundisha, dai huweka mipaka. Kwa kawaida dai huwa ni sentensi moja tu, hata ikiwa ndefu. Dai la vali iliyotajwa laweza kuandikwa hivi:

"Vali ya kudhibiti mtiririko wa maji ya kupozea injini, yenye: fremu (1) iliyo na tundu (2) la kupitishia maji, kizibo (3) cha kulifunga tundu (2), kijiti (4) kilichokazwa kwenye fremu (1), kombe (5) lililojaa nta, lililoshikana na kizibo (3), ambalo husukumwa mbali na kijiti (4) nta inapovimba kwa joto, hata kizibo (3) kikalifungua tundu (2), na springi (6) ya kukirudisha kizibo (3) nta inapopoa, ambapo kombe (5) limekazwa kwenye kizibo (3) kwa hesi, hivi kwamba laweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake."

Mambo manne ya kiisimu yanajitokeza katika sentensi hii.

Kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Ngeli za Kiswahili humsaidia mwandishi wa dai, kwa kuwa "kikalifungua" huonyesha papo hapo nani anatenda na nani anatendwa: kizibo kinafungua, tundu linafunguliwa. Hata hivyo, msaada huo una kikomo. Maneno fremu, vali, springi, nta na hesi yote yamo katika ngeli ya I-ZI, ambamo maneno mengi ya mkopo huingia. Mwandishi akisema "iliyokazwa nayo", msomaji hatajua ni kipi kati ya vitano. Tundu na kombe nayo yamo pamoja katika ngeli ya LI-YA, hivyo "hilo" pekee halitoshi. Dawa ni kurudia nomino na kuiambatisha na nambari ya mchoro. Marudio ambayo mwalimu wa insha angeyakata kwa wino mwekundu, hapa ndiyo usahihi wenyewe.

Pili ni neno "yenye". Neno hili huacha mlango wazi: vali ya mshindani iliyo na sehemu zote sita pamoja na ya saba bado imo ndani ya dai. Lau ingeandikwa "iliyoundwa na sehemu hizi pekee", mshindani angeongeza washa moja tu na kuponyoka. Neno moja laweza kuigharimu haki nzima.

Tatu ni vivumishi na vielezi vya sifa. "Vali imara", "inayofunguka vizuri" na "yenye kudumu" ni maneno yanayouza bidhaa sokoni, lakini mkaguzi huyakataa kwa kuwa hayapimiki. Mahali pake huwekwa kipimo au umbo.

Nne ni nafasi ya kipimo chenyewe. Dai likisema "nyuzi 82", vali ya nyuzi 88 itakuwa nje. Kwa sababu hiyo kipimo huwekwa katika dai tegemezi: "Vali kama ilivyo katika dai la 1, ambayo nta yake huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi." Dai la kwanza hubaki pana, la pili ni ngome ya ndani ikiwa ya nje itabomolewa.

Ukaguzi

Mkaguzi hulichukua dai na kulivunja vipande, kisha akakilinganisha kila kipande na yaliyokwisha kujulikana. Fremu, tundu, kizibo, kijiti, kombe la nta na springi vinajulikana tangu enzi za Vernet. Kinachosalia ni hesi.

Ili kusema kwamba vali si mpya, mkaguzi hana budi kupata hati moja, au kifaa kimoja, chenye vipande vyote kwa pamoja. Asipokipata, dai limevuka mto wa kwanza. Katika kupima hatua ya kivumbuzi, hata hivyo, anaruhusiwa kuunganisha mafunzo ya hati mbili iwapo fundi wa kawaida angekuwa na sababu ya kuyaunganisha. Hapo pingamizi ni rahisi kulitabiri: atakaye sehemu inayobadilishika huikaza kwa hesi, jambo hilo linajulikana kwa kila fundi, na kwa hiyo hakuna hatua ya kivumbuzi.

Mwombaji ana nafasi ya kujibu na kurekebisha madai yake. Tuseme hesi za kawaida zingelegea kwa mtikisiko wa injini, na fundi alizuia hilo kwa pete ya shaba iliyokunjwa kwa namna ya pekee. Pete hiyo yaweza kuwa ndiyo uvumbuzi halisi. Ikiingizwa katika dai, hoja ya mkaguzi hudhoofika. Lakini kuna sharti lisilosamehe: marekebisho hayawezi kuongeza jambo ambalo halikuwamo katika maelezo ya siku ya kwanza. Ikiwa pete haikuandikwa wala kuchorwa, kwa sababu fundi aliiona ndogo mno au aliyemwandikia hakuelewa aliposema "hapo natia karingi kadogo", ombi hilo haliwezi tena kuokolewa nayo. Ustadi ulikuwepo, sentensi haikuwepo.

Ipo njia nyingine. Sheria ya Kenya hutoa pia cheti cha hifadhi ndogo kwa uvumbuzi ulio mpya na unaotumika viwandani, bila kudai hatua ya kivumbuzi. Cheti hicho hudumu miaka 10 na hakihuishwi. Kwa maboresho mengi ya jua kali, hiyo ndiyo nguo inayomkaa mvaaji. Atakaye hifadhi nje ya nchi ana miezi 12 ya kuwasilisha maombi kwingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza, au aweza kupitia shirika la kikanda la ARIPO lenye makao Harare.

Nafasi ya Kiswahili

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, ombi la hataza huandikwa kwa Kiingereza, ilhali uvumbuzi husimuliwa gerejini kwa Kiswahili. Kati ya vinywa viwili hivyo kuna pengo, na ndimo pete ya shaba hudondokea.

Istilahi za kuliziba pengo hilo zipo kwa sehemu kubwa. Hataza, dai, uvumbuzi na mkaguzi yamezoeleka. Hesi, kizibo, kijiti na kombe ni maneno ya watu, yenye maana bayana kuliko tafsiri nyingi za vitabuni. Kinachokosekana ni mtu anayezijua pande zote mbili: awezaye kumsikiliza fundi, kumwuliza kila sehemu inashikana na ipi na kwa nini, kuandika maelezo kamili kwa Kiswahili, na kumsomea fundi mwenyewe ayahakiki kabla hayajatafsiriwa.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ukaguzi wa hataza ni usomaji wa karibu wa sentensi moja, na kwamba sarufi, kuanzia ngeli hadi neno "yenye", huamua nani ana haki ya nini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayefundishwa kuchanganua sentensi changamano tayari anayo nusu ya ujuzi unaohitajika. Nusu ya pili iko Makongeni, juu ya benchi la fundi, katika kifaa kilichofunguliwa na kupangwa kipande kwa kipande. Kazi ya kwanza ya utafiti wa uwandani iwe kumwomba fundi akitaje kila kipande kwa jina, hata kile anachokiona kuwa kidogo mno kutajwa.