Upatanisho wa Kisarufi: Ndege, Kidege na Ndege ya Mfano

Katika somo hili tutachunguza jinsi maana inavyoamua upatanisho wa kisarufi. Mifano yetu tumeitoa katika shughuli ya kukusanya ndege za mfano, yaani sanamu za ndege halisi zinazosubiwa kwa aloi ya zinki. Baadhi yake hutolewa kwa idadi maalumu, kila moja na namba yake. Super VC10, iliyorushwa na East African Airways kuanzia 1966 hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, ina urefu wa meta 52 hivi. Katika skeli ya 1:400 sanamu yake ina sentimeta 13 tu.

1. Ndege

Tulinganishe sentensi hizi:
(a) Ndege wangu ameruka.
(b) Ndege yangu imeruka.

Katika (a) tunazungumzia kiumbe hai. Katika (b), chombo. Nomino haikubadilika: viambishi ndivyo vinavyobeba tofauti.

Mwanafunzi wa Nyamugari, iwe ya Gitega au ya Muyinga, huja darasani na Kirundi, chenye maneno mawili: inyoni kwa kiumbe, indege kwa chombo. Hata hivyo, yote mawili hupatanishwa kwa namna moja: inyoni iraguruka, indege iraguruka. Kwa hiyo si ajabu akiandika *Ndege inaimba mtini. Hapo amefuata kanuni ya lugha yake ya kwanza. Mwalimu asiishie kulikata kosa hilo. Aiweke sentensi ya Kirundi kando ya ile ya Kiswahili, mwanafunzi aone mahali zinapoachana.

2. Ndege ndogo na kidege

(c) Ninauza ndege ndogo.
(d) Ninauza kidege cha zinki.

Ndege ndogo yaweza kubeba abiria, kama Cessna; mkusanyaji akitangaza kama katika (c), wasomaji watamwelewa vingine. Kiambishi ki- cha udogo huihamishia nomino katika ngeli ya KI-VI: kidege changu kimeanguka. Tuzingatie kwamba hapa tofauti ya sehemu ya 1 hutoweka, kwa kuwa kidege kile chaweza kuwa kinda au sanamu. Muktadha ndio utakaoamua.

Kirundi huonyesha udogo kwa aka- na utu-, kama katika akana na utwana. Ndiyo sababu mwanafunzi husema *kandege kangu. Katika Kiswahili sanifu, tumfundishe kidege changu, videge vyangu.

3. Mfano wa ndege na ndege ya mfano

(e) Mfano wa ndege umevunjika bawa.
(f) Ndege ya mfano imevunjika bawa.

Sentensi zote mbili ni sahihi. Kitenzi hupatana na nomino kuu ya kirai, wala si na nomino iliyo karibu nacho.

Zoezi

1. Sahihisha, kisha eleza chanzo cha kila kosa:
(i) Mifano ya ndege zimepangwa rafuni.
(ii) Mtoto ameunda kandege kwa mabua na waya.
(iii) Ndege zimejenga viota juu ya mti.

2. Andaa maelezo ya dakika tano ya kumfafanulia mwanafunzi wa darasa la tano kwa nini tunasema ndege yule na ndege ile.