Jeshi la Wageni: Namna Ufaransa Inavyowaandika Askari Wasio Raia Wake

Katika nchi nyingi za dunia mtu hawezi kuandikwa askari ila awe raia. Sababu yake si ngumu kufahamu. Askari hula kiapo cha kuitetea nchi, na raia ana nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake katika nchi hiyo. Mgeni hana hayo. Walakini ziko serikali ambazo tangu zamani huwapokea wageni katika majeshi yao. Uingereza huwaandika Wagurkha wa Nepal, na pia watu wa nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwa mojawapo. Marekani huwapokea wageni waliopewa ruhusa ya kukaa nchini humo daima. Lakini jeshi lenye sifa kuliko yote katika jambo hili ni lile la Ufaransa, Légion étrangère, yaani Jeshi la Wageni.

Jeshi hilo liliundwa kwa amri ya Mfalme Louis-Philippe tarehe 10 Machi 1831. Mwaka uliotangulia kulikuwa na mapinduzi katika nchi kadhaa za Ulaya, na wakimbizi wengi walikuwa wameingia Ufaransa. Wengine walikuwa askari wa vikosi vya kigeni vilivyokuwa vimevunjwa. Serikali iliwaona kuwa ni watu wa hatari kukaa bila kazi. Wakati huo huo ilihitaji askari wa vita vyake katika Algeria. Basi ikawaandika, ila kwa sharti kwamba wasitumiwe ndani ya Ufaransa yenyewe.

Jinsi walivyohesabiwa katika miaka ile ya mwanzo ilionekana mwaka 1835. Malkia wa Hispania, aliyekuwa bado mtoto, alikuwa akipigwa vita na wafuasi wa ami yake aliyekitaka kiti cha enzi. Ufaransa ilitaka kumsaidia pasipo kupeleka Wafaransa, kwa hiyo ikatoa Jeshi la Wageni lote, watu wapatao 4,000, likawa mali ya serikali ya Hispania. Askari waliokuwa wamekula kiapo kwa mfalme mmoja wakajikuta wana bwana mwingine. Mishahara ilichelewa, chakula kilikuwa haba, na maradhi yaliwaua wengi. Walipoachiliwa, waliorudi walikuwa kama 500 tu. Raia wasingeweza kutendewa hivyo bila makelele katika Bunge. Lakini hao hawakuwa na wa kuwasemea.

Sifa ya ushujaa ilikuja baadaye. Tarehe 30 Aprili 1863, katika kijiji cha Camerone huko Meksiko, Kapteni Danjou na watu wapatao 60 waliwazuia Wameksiko zaidi ya 1,000 kwa muda wa siku nzima, hata wakabaki wachache sana. Kapteni mwenyewe aliuawa. Alikuwa na mkono wa mti, kwa kuwa ule wa asili aliupoteza zamani, na mkono huo wa mti hutolewa kila mwaka siku hiyo mbele ya gwaride. Tangu hapo jeshi hilo limepigana mahali pengi. Mwaka 1941 kikosi chake kimoja kilipigana na Waitalia katika Eritrea, wakati ule ule askari wa King's African Rifles kutoka Kenya walipokuwa wakipigana nao katika Somalia na Ethiopia. Katika vita vya Indochina, vilivyokwisha mwaka 1954, zaidi ya 10,000 wa Jeshi la Wageni walikufa.

Kwa nini mtu aiache nchi yake na kwenda kuipigania nchi ya wengine? Wengine hutafuta mshahara, wengine hukimbia taabu, na wengine hutafuta heshima waliyonyimwa kwao. Mfano wa hao wa mwisho ni Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Columbus, katika jimbo la Georgia, mwaka 1895. Baba yake alikuwa amezaliwa utumwani. Bullard alivuka bahari akiwa kijana, na vita vilipoanza mwaka 1914 akajiandikisha katika Jeshi la Wageni. Mwaka 1916 alijeruhiwa huko Verdun. Alipopona alijifunza kurusha ndege, akawa rubani wa kijeshi wa Ufaransa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 iliwachukua marubani Wamarekani waliokuwa wakiwatumikia Wafaransa, lakini yeye haikumchukua, kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1959 Ufaransa ilimpa nishani yake kubwa ya Légion d'honneur. Wakati huo alikuwa New York, akifanya kazi ya kuendesha lifti katika jumba la maofisi. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, naye alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1961.

Sasa yafaa kueleza jinsi mtu anavyoandikwa siku hizi. Huchukuliwa wanaume tu, wenye umri wa tangu miaka 17 na nusu hata 39 na nusu. Haiulizwi ni wa taifa gani wala dini gani, wala si lazima ajue Kifaransa. Huchunguzwa meno, macho na mwili wote, hupimwa akili, hukimbizwa, na kutakiwa ajivute kwa mikono kwenye chuma kilicho juu ya kichwa. Kisha huulizwa kwa kirefu habari za maisha yake. Watu wengi hudhani kwamba jeshi hilo ni maficho ya wahalifu. Huenda zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani, lakini siku hizi polisi huulizwa, na mwenye kosa kubwa hurudishwa mlangoni.

Anayekubaliwa hutia sahihi mkataba wa miaka 5, na baada ya hapo hupelekwa Castelnaudary, kusini mwa Ufaransa, kwa mafunzo ya miezi 4. Mwezi wa kwanza hukaa shambani mbali na mji. Huko asiyejua Kifaransa huwekwa pamoja na anayekijua, wale pamoja na kufanya kazi pamoja, mpaka amri zieleweke. Baada ya safari ndefu ya miguu wakiwa na mizigo mgongoni, ndipo wanapovikwa ile kofia nyeupe ijulikanayo duniani kote. Zamani kila mtu alilazimika kupewa jina jingine. Siku hizi ni hiari yake. Lakini anayetumia jina la kupewa na afahamu kwamba hawezi kuoa kwa jina hilo mpaka lake la kweli lithibitishwe.

Jambo linalokosewa zaidi ni habari ya uraia. Kuvaa kofia si kuwa Mfaransa. Askari aweza kuomba uraia baada ya kutumika miaka 3, nayo serikali hutazama mwenendo wake na utumishi wake, ikakubali au ikakataa. Aliyejeruhiwa vitani ana njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1999 aweza kuomba awe Mfaransa kwa damu aliyoimwaga, na akifa, watoto wake walio wadogo waweza kuipata haki hiyo. Sheria hiyo ilikuja miaka 168 baada ya jeshi kuundwa. Kwa wazee na walemavu wasio na jamaa iko nyumba huko Puyloubier, ambako hukaa na kutunza mizabibu.

Wengine huwaita askari hao mamluki. Kwa sheria za mataifa sivyo. Nyongeza ya Mikataba ya Geneva iliyopitishwa mwaka 1977 husema kwamba mtu aliye katika jeshi halali la nchi inayopigana si mamluki, hata akiwa mgeni.

Kwa Mkenya, Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini kifungu cha 78 kinamkataza askari wa majeshi ya Kenya kuwa nao. Hapana budi pia kujihadhari na mawakala. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilitoa habari za raia wake waliopelekwa Urusi kwa ahadi za kazi nzuri, wakajikuta katika vita vya Ukraine. Jeshi la Wageni la Ufaransa halina wakala Nairobi wala mahali pengine. Halimlipii mtu nauli wala halimtafutii viza. Huandika watu ndani ya Ufaransa tu, kwa mkono wao wenyewe, na wanaopimwa hupokewa huko Aubagne karibu na Marseille, au katika ngome ya Nogent karibu na Paris. Hakuna ada yoyote. Mtu anayedai fedha ili jina liandikwe hana jina la kuandika popote.