Dondoo muhimu: Wiki ya kwanza ya kupakia magunia

Mavuno ya mahindi yakianza, Chala, hapa Ufipa, huhitaji mikono ya kupakia malori. Ukiwa mgeni wa kazi hii, usishindane na wazoefu. Siku za kwanza panga magunia juu ya lori au shika ncha moja, mwili uzoee.

Uzito. Gunia kamili ni kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita hapo, ni kinyume cha sheria ya vipimo. Lakini tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Yaani hata gunia halali ni karibu mara mbili ya kiwango hicho! Usilinyanyue peke yako kutoka chini. Wenzako wawili wakutwike begani, na wakutue ukifika. Lumbesa ikataeni wote kwa pamoja, maana anayekataa peke yake hukosa kazi.

Mgongo. Gunia dogo lichuchumalie, likumbatie karibu na kifua, uinuke kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Kiuno kikijipinda na mzigo, ndipo watu huumia.

Baridi. Asubuhi za Juni na Julai Ufipa ni kali. Tembea haraka na unyooshe viungo kabla ya gunia la kwanza. Kunywa uji, na maji hata usiposikia kiu.

Ubao wa kupandia lori. Ukaguliwe kila mara, usiwe na ufa wala umande. Vaa viatu vilivyofungwa, si kandambili.

Malipo. Kubalianeni bei ya kila gunia kabla ya kuanza, na mhesabu pamoja.