Riba ya Nyumba na Kodi ya Mapato

Darasani twafundishwa kupiga hesabu ya riba, lakini hatuulizwi fedha zilizokopwa zilikwenda wapi. Katika kodi ya mapato swali hilo ndilo kubwa. Natoa mfano wa Australia, ambako jambo hili limefika hata mahakama ya juu kabisa.

Mtu ana nyumba ya kupangisha yenye deni la dola 200,000. Riba yake aweza kuitoa katika mapato kabla ya kutozwa kodi. Sasa aenda benki nyingine, akopa 300,000 kwa rehani ya nyumba ile ile. Alipa deni la zamani, na 100,000 zilizobaki aongezea vyumba nyumba anayokaa. Wengi hudhani riba yote itatolewa, maana rehani ni nyumba ya kupangisha. Sivyo. Hutazamwa matumizi, si rehani. Hutolewa theluthi mbili tu, nami naona ni haki. Wala hawezi kusema, "Nalipa kwanza ile theluthi yangu." Kila dola ya deni anayorudisha hugawanywa kwa kadiri ile ile. Afadhali angekopa mikopo miwili mbalimbali tangu mwanzo.

Lakini werevu nao una mpaka. Bwana na Bibi Hart waligawa mkopo wao sehemu mbili. Malipo yote wakayaelekeza kwenye nyumba ya kukaa, na riba ya nyumba ya kupangisha ikaachwa izae riba juu ya riba. Mwaka 2004 mahakama iliamua kwamba shabaha kubwa ya mpango ule ilikuwa nafuu ya kodi, na ile riba iliyozidi hawakuruhusiwa kuitoa.