Somo: Kujifunza Bao kwa Anayeanza



Hapa Maruku vijana hukaa na wazee kwenye bao, lakini wakifungwa mara mbili tatu huondoka. Tungependa wabaki, maana hapo ndipo wazee na vijana huzungumza. Tunawashauri wanaoanza hivi:

1. Anza na bao la kujifunza. Mashimo ni 32, kila shimo kete 2, jumla kete 64. Bao kamili, lenye nyumba na kete 22 mkononi kwa kila mchezaji, lingoje.

2. Hesabu kabla ya kugusa. Fuata kwa macho kete zitakapoishia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolitazama lina kete pia, unakula.

3. Jiulize: nikishakula, yeye atakula nini? Sisi wenyewe tulifungwa mara nyingi huku tukishangilia kete tulizokula.

4. Linda safu ya mbele. Ikibaki tupu umefungwa, hata kama nyuma kumejaa.

5. Ukifungwa, rudisheni kete pale ulipokosea, mcheze tena. Mzee anayemwonyesha kijana kosa lake humfaa kuliko anayemcheka.

Mwalimu Nyerere naye alipenda bao. Si mchezo wa wasio na kazi.

Kwa mjadala: Je, kamati yetu huhesabu kabla ya kugusa? Vijana wetu wakikosea, tunawaonyesha au tunawacheka?